Risasi Iliyowekwa Juu ya Mtambaa Panya

Usinibetulie midomo, wewe uliyekaa pembeni ya dirisha. Hata sijaanza, umeshasema ni uongo. Unajiuliza bibi kizee huyu wa darasa la nne ameijulia wapi bunduki. Niliolewa na mwindaji. Nimefagia baruti sakafuni kabla mama yako hajajua kushika ufagio. Kaa kimya usikilize neno mliloniita niwape. Ukitaka kubisha, bisha nikishatoka.

Alikuwapo mkulima mmoja. Jina simtaji, kwa hiyo msianze kutazamana. Shamba lake lilipakana na pori, na nguruwe pori walikuwa wakiingia kwenye mahindi yake kama watu walioalikwa. Bunduki alikuwa nayo, kibali alikuwa nacho. Mambo ya polisi msiniulize mimi. Shida yake ilikuwa risasi. Mji wa kuzinunua uko mbali, na kila akifika anaambiwa zimekwisha. Akasema moyoni: maganda matupu ya risasi nilizokwisha kupiga yamejaa ndoo. Nitayajaza mwenyewe, nyumbani kwangu.

Akaenda kwa fundi wa bunduki.

"Mzee, nipe vyombo vya mtu anayeanza."

Fundi akamwekea mezani mashine ndogo ya mkono ya kushindilia, na kijiko cha kupimia baruti, na boksi la fataki, zile zinazokaa kitakoni mwa ganda na kuwasha moto, na mfuko wa marisau, vile vigololi vinavyomchoma mnyama. Mwisho akaweka mizani, ndogo, ya kukaa kiganjani.

"Hiyo mizani iache," mkulima akasema. "Kijiko si kinapima?"

"Kijiko kinapima unachotia. Mizani inakwambia ulichokwisha kutia."

"Mimi mikono yangu naiamini, mzee. Labda wewe."

"Haya. Basi shika neno, maana neno halina uzito wa kukushinda kubeba. Baruti ikizidi ndani ya ganda, bunduki haimpigi nguruwe, inakupiga wewe. Unapojaza, usiongee na mtu. Ukisemeshwa katikati ukapotewa, mwaga uanze upya. Na kama umeshaifunga risasi ndipo moyo ukasita, niletee niivunje. Usiionee huruma."

"Nimesikia."

Amesikia! Nani asiyesikia? Masikio hata punda anayo, tena marefu.

Asubuhi moja mkulima akaketi chumba cha mbele, maganda ameyasimamisha mezani kama watoto wa shule. Anatia baruti, anaweka kizibo, anatia marisau, anashindilia, anafunga mdomo wa ganda. Kazi ikamnogea. Akawa anapiga mluzi. Kijiko kikiwa mkononi, akasikia uani:

"Hodi wenyewe!"

Mama mkwe.

Desturi yetu mnaijua. Mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Mkulima akaruka kama aliyekalia siafu, akatokea mlango wa nyuma, akachuchumaa nje ya ukuta. Mama akaingia, akaketi ndani. Salamu zikaanza, ukuta katikati.

"Mmeamkaje, baba?"

"Salama, mama. Na nyie huko?"

"Wazima, mgongo tu. Watoto?"

"Wazima, mama."

"Na yule mbuzi aliyekuwa anakohoa?"

"Alikufa, mama."

"Pole, baba. Alikufa kwa kikohozi kilekile?"

"Kilekile, mama."

Salamu ya mkwe haikatizwi. Ilikwenda kwa wagonjwa, ikapita kwa marehemu, ikarudi kwa mbuzi. Mama alipoondoka kwenda jikoni kwa binti yake, mkulima akarudi mezani, akalitazama ganda lililokuwa mbele yake. Akajiuliza: nilikuwa nimetia, au nilikuwa nataka kutia? Chumba kina giza, ganda lina tundu jembamba, na baruti ni nyeusi. Akatia kijiko. Akaweka kizibo, akatia marisau. Aliposhindilia, mkono wa mashine ukagoma kidogo. Akaukaza. Akafunga.

Ndipo moyo ukasita.

Angekuwa na ile mizani, angeipima risasi hiyo na mwenzake, angejua pale pale. Hana. Angeipeleka kwa fundi ikavunjwe. Lakini njia ni ndefu, fataki ni adimu, na aibu nayo: akamwambie fundi kwamba mikono aliyoiamini imepoteza hesabu kwa ajili ya salamu? Akaichukua ile risasi, akanyanyua mkono, akaiweka juu ya mtambaa panya, ule mti mrefu unaobeba paa juu ya ukuta. Nyingine akazitia kwenye kopo.

Akasema, "Hii sitaipiga mimi."

Sikieni vizuri. Alikuwa na akili. Aliijua hatari akaikwepa. Mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine, na kila akienda shamba alichukua risasi za kopo. Nguruwe wakaanguka. Watu wakamsifu, fundi huyu, fundi huyu. Ile ya juu ikajengewa utando na buibui. Ikanyamaza. Baruti ndivyo ilivyo, inajua kunyamaza.

Sasa mkulima huyu alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe, mtoto wa kiume pekee wa mama yule yule mwenye mgongo. Ndiye aliyekuwa anamlimia mama yake, anamtekea maji. Naye aliachiwa na marehemu baba yake bunduki ya aina ile ile. Akaja siku moja, amechoka, ana tope mpaka magotini.

"Shemeji, nguruwe wamenifanya kibarua wao. Mimi nalima, wao wanavuna. Nisaidie risasi."

"Ngapi?"

"Hata moja. Nikimkosa nitamalizia kwa matusi."

"Matusi yako kweli yanaua, shemeji."

"Nipe basi! Kopo zima hilo, unazitunza zizae?"

Wakacheka, wote wawili. Mkulima akalivuta kopo, akachungulia. Zimebaki chache, na mahindi yake mwenyewe ndiyo kwanza yanabeba. Akalifunika kopo. Mkono wake ukapanda juu, kwenye mtambaa panya. Haukupapasa, ulikuwa unaijua njia. Akaifuta utando kwa pindo la shati.

"Chukua hii, shemeji. Hii ina nguvu."

Mnaguna nini? Mlidhani nimewaletea mfano wa mtu mzembe? Uzembe ulikwisha asubuhi ile ya salamu. Ule hata mimi ningeusamehe, na mimi si mwepesi wa kusamehe. Hapa pana jambo jingine.

Bunduki ilimpasukia shemeji mikononi. Jicho la kulia likaenda, na vidole vya mkono wa kushoto vikabaki kwenye mahindi. Akapona, kama huko mnakuita kupona. Jembe halishiki. Mama yake, na mgongo ule, amerudi shambani kulima, na maji anateka mwenyewe.

Mkulima akakaa kungoja aulizwe. Majibu alikuwa ameyapanga: bunduki ya marehemu ilikuwa kuukuu, ilikuwa na kutu, shemeji hakuisafisha. Hakuna aliyeuliza. Akaja mama mkwe. Mkulima akatokea mlango wa nyuma kama kawaida, akachuchumaa. Safari hii mama hakuuliza habari za mbuzi.

"Baba, nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini, mama?"

"Risasi ile ulimpa mwanangu katika zako mwenyewe ulizojipangia kupiga. Mungu angetaka, ingekupasukia wewe, na binti yangu leo angekuwa mjane. Mwanangu ana jicho moja, lakini yuko hai. Na wewe umeepushwa. Nimeona nisilale bila kukuambia asante."

Mkulima akafungua mdomo.

Mnafikiri alisema? Ukuta ulikuwa mnene, na heshima ilikuwa nene kuliko ukuta. Yeye yuko nje, mama yuko ndani, uso wake hakuna aliyeuona. Akasema, "Amina, mama." Kila mavuno anampelekea debe la mahindi, na kila akipeleka mama anambariki, anambariki na watoto wake. Anaishi kwa baraka hizo mpaka leo. Sijui zina ladha gani.

Haya, sisi.

Wewe mama uliyemkatalia kijana yule binti yako kwa sababu ulijua mkono wake ni mwepesi wa kupiga, halafu ukaenda kumsifia kwa jirani mwenye binti yatima: ulikuwa unampa nini? Na wewe uliyeinusa nyama, ukasita, ukawanyima wanao, ukaifunika sahani ukampelekea mjane, na mjane akakupigia magoti? Na neno lile ulilosikia juu ya mwenzako, ambalo usingeapa kwa Mungu kwamba ni kweli, ukalimega ukampa mwingine alipeleke? Hatukosi akili sisi. Tunajua kabisa ipi haifai. Tunaijua kiasi cha kutoitumia wenyewe. Tunaitenga mahali pa juu, tunajiona waangalifu, tunangoja aje mtu mwenye shida.

Na akija tunamwambia ina nguvu.

Fundi alisema mwaga. Alisema ivunje. Hakusema itenge. Toba ni kumwaga, ndugu zangu, na kumwaga kuna hasara, na kuna aibu ya kurudi kwa fundi. Hasara hiyo hatuitaki. Tunataka kopo lijae, juu pasiguswe, na watu wapige vigelegele.

Msinitazame hivyo. Na msiniombe nifunge kwa sala. Sala juu ya kitu ambacho hujakimwaga ni kukishindilia tu, na mkono wa mashine umeshagoma, mmeuhisi. Kila aliyemo humu ana mtambaa panya nyumbani kwake, na mkono wake unaijua njia. Nguruwe hawajaisha, na shemeji yuko njiani, ana tope magotini, anacheka. Mtampa nini?

Nikibaki humu mtajibu kwa kuniangalia mimi, mtasema ndiyo bibi, amina bibi. Amina ya namna hiyo nimeshawaeleza. Nipe fimbo yangu hiyo. Natoka, na mlango naufunga. Ukuta huu ni mnene, uso wa mtu sitauona.