Masale Uani kwa Nyati

Wanangu, kabla sijaanza nitubu kwanza. Nilipokuwa darasa la tatu, mvulana mmoja mkubwa alimnyang'anya mwenzangu wa dawati viazi vyake vya saa nne. Nami nikamwambia mwenzangu, "Mpe tu, tukae kwa amani." Mungu anisamehe. Wiki ya pili akahamia kwenye viazi vyangu, na sikuwa na wa kunitetea. Ndiyo maana nawasimulia habari za Pimbi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na mipaka ya mashamba kama sisi, Pimbi aliishi kwenye mawe na watoto wake wanne. Mdogo, hana hata mkia, lakini hakuna kilichompita machoni. Mkuu wa bonde lile alikuwa Nyati.

Bondeni kulikuwa na desturi. Aliyekosa alifunga fundo kwenye jani la sale, ule mmea wa majani marefu, akalipeleka kwa mkuu, na hakukataliwa msamaha. Na mche wa sale ndio uliopandwa mpakani. Ukishapandwa, ni mwiko kuung'oa.

Chui aliijua desturi hiyo kuliko wote. Alimfukuza Swala kilimani kwake, kisha akaja kwa Nyati na jani la sale mdomoni.

"Kaka, nimekosa. Nisamehe. Kilima kile ndicho cha mwisho, sitaki kingine."

"Si amekuja na sale?" Nyati akawaambia wenzake. "Pandeni mpaka pale alipofikia, yaishe."

Mpaka ukapandwa. Mwezi haujaisha, Chui akachukua kisima cha Ngiri. Akaja na jani jingine. "Kaka, hiki ndicho cha mwisho kabisa!" Mpaka ukapandwa tena.

Mara ya tatu hakungoja hata kukosa. Alituma salamu kwamba kesho jioni anakuja kuchukua mawe ya Pimbi.

Nyati akamwita Pimbi. "Mama, hamia kwa Ngiri. Mawe yapo mengi duniani. Chui ameniapia hataomba tena."

"Hata kilima alikiapia, mzee."

"Safari hii ataapa akinitazama machoni! Nakuepusha na vita, mama."

"Unaniepusha mimi, au unajiepusha wewe?"

"Aa! Nyie wadogo mna maneno! Nenda kafunge mizigo."

Pimbi akarudi kwake, akawakuta wanawe wanne wakiota jua juu ya jiwe, wamelaliana. Moyo ukamdunda, du! du! du! "Ee Mungu," akasema, "nguvu sina, nipe akili." Hakufunga mzigo wowote. Alikwenda kwa Swala, wakakata masale mpaka mikono ikachubuka.

Siku ya pili mchana, Nyati alishiba, akalala. Khorooo! Khorooo! Pimbi na Swala wakaingia uani polepole. Chwa! Mche mmoja. Chwa! Wa pili. Wakapanda mstari kutoka langoni mpaka ukutani, jiko likabaki upande wa pili.

Nyati akaamka na kiu. Akatazama. Akafikicha macho.

"Weeee! Nani amepanda mpaka uani kwangu?"

Wanyama wakakusanyika mbio. Pimbi akasogea mbele.

"Mzee, miezi hii mipaka mipya inapandwa kwa ajili ya nani humu bondeni?"

"Chui! Jiko langu? Jiko langu mimi?"

"Jiko ni jiko tu, mzee," akasema Swala. "Utahamia kwa Ngiri."

"Nyamaza! Leteni jembe!"

"Mwiko, mzee," akasema Pimbi. "Si ulituambia mwenyewe?"

Nyati hakumsikia. Aliinamisha kichwa, akapiga pembe. Kwacha! Kwacha! Masale yakaruka juu mpaka mengine yakanasa kwenye paa.

Pimbi akaokota mche mmoja, akautazama huku na huku. "Kumbe unang'oka," akasema.

Nyati akamgeukia.

"Ni mimi niliyepanda, mzee. Nipige ukitaka. Lakini kwa Swala ulikuwa mwiko, kwa Ngiri mwiko, na kwangu leo jioni ungekuwa mwiko. Kwako haukumaliza hata dakika."

Nyati akapumua puani, fuu! Aliona haya. Mwisho akasema, "Mama, nitangulie. Nionyeshe hayo mawe."

Chui alipofika jioni na jani mdomoni, alikuta pembe za Nyati na wenzake zimejipanga mstari mbele ya mawe, na Pimbi juu yake.

"Kaka, nimekuja kuomba radhi tu..."

"Radhi kaombe kilimani kwa Swala, ukitoka!" Nyati akanguruma.

Walipigana siku tisa, maana Chui alikuwa ameshanenepa kwa kilima na kisima vya wenyewe. Nyati alivunjika pembe moja. Lakini Swala alirudi kwake, Ngiri akanywa maji yake, na wanawe Pimbi wakaendelea kuota jua pale pale.

Ukimpa mnyang'anyi cha jirani ili akuache, umemwonyesha njia ya kwako.

Nami nawaombeni jambo moja, wanangu: kesho shuleni, mkimwona mwenzenu ananyang'anywa chakula chake, msimwambie atoe. Nendeni mkasimame naye.