Jiwe la Mheshimiwa Ngatunga

Mheshimiwa Ngatunga, mbunge wa vipindi vitatu, alituma amri kutoka mji mkuu: wazazi wa kijiji cha Mnyawi waondoe matofali yao kwenye kiwanja cha shule, maana sasa ni chake. Alikuwa amekitwaa kupitia wakala, hata kukitia machoni hajawahi.

Uchaguzi ulikuwa umeshabisha hodi. Bi Somoe, muuza vitumbua, akampigia simu kwa sauti tamu.

"Mheshimiwa, njoo utuwekee jiwe la msingi la shule."

"Kwani mmeshapata kiwanja?"

"Kiwanja tunacho, baba, tena kizuri kwelikweli. Ngoma ipo, redio ipo. Umekosekana wewe tu."

Mheshimiwa alikuja mbio. Akavua koti, akaweka jiwe lenye jina lake, akashika kipaza sauti. "Ardhi hii ni ya watoto wa Mnyawi! Atakayeigusa atanitambua!"

Vigelegele vilipotulia, akamwinamia Bi Somoe. "Sasa nionyeshe na kile kiwanja changu. Kiko upande gani?"

Bi Somoe alikuwa akimpangusa saruji vidoleni.

"Ndicho hicho unachokikanyaga, baba," alisema. "Na jiwe lako limekaa katikati kabisa."