Pweza wa Shela

Aliyeusimulia kwanza mfano huu ni Kazija binti Vuai, mwaka 1967, siku ya hitima ya dada yake, mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele ukumbini. Aliusimulia mara moja tu, na hakulia.

Mwanamke mmoja alikuwa na dada aliyeona kitu.

Dada mtu, Mize, alikuwa bado kigoli siku alipokiona. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukauka kupita kiasi mara mbili kwa mwezi, yalikuwa yamekauka hadi mbali, na wanawake wa kijiji walikuwa wametapakaa juu ya mwamba wakichokoa pweza kwa vijiti, kama walivyofanya mama zao. Mize alitangulia peke yake hadi dimbwi la mwisho, lile lililo ukingoni, ambapo mwamba unakatika na bahari kuu inaanza. Alirudi mbio, mikono mitupu, akasema ameona pweza aliyevaa shela. Akasema shela hilo ni refu kuliko yeye mwenyewe, na kwamba yule pweza amelikunjua mbele yake taratibu, kama mtu anayetandika shuka. Wanawake walipofika kule, bahari ilikuwa imeanza kurudi na dimbwi limefunikwa. Walisimama wakamtazama. Kisha mmoja akauliza, "Na bwana harusi nani, mwanangu, kaa?" Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Hawakuwa watu wabaya. Waliwajua pweza kama walivyojua majiko yao. Walijua kwamba pweza hukaa shimoni, hujigeuza rangi ya jiwe, na hana cha kujifunika ila ngozi yake. Wangemwamini mtoto aliyesema ameona jini.

Tangu siku hiyo aliitwa Mize Shela. Neno lenyewe likahama kutoka kwake likaingia katika midomo ya watu wote: mtu akitia chumvi katika maneno yake, aliulizwa, "Kweli hiyo, au ya shela?" Siku ya harusi yake walimwimbia kaa na pweza, naye amekaa kitandani amejifunika, hawezi kujibu. Na siku aliyotoka nje akipiga kelele kwamba nyumba ya jirani inafuka moshi, mtu wa kwanza kuinuka aliinuka akicheka. Nyumba iliungua yote.

Mwanzoni Mize aliapa. Baadaye akawa anasema tu, bila kuapa. Baadaye akanyamaza. Mwishowe, watu walipomtania, alianza kucheka pamoja nao, na siku aliyocheka nao ndiyo siku ambayo Kazija aliihesabu kuwa ya msiba, ingawa hakuna aliyekufa.

Kazija alikuwa mdogo wake. Siku ya dimbwi alikuwa bado anabebwa mgongoni, hakuona wala hakusikia. Alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote aliye hai, akampikia, akamfulia, akagombana na wake za watu kwa ajili yake. Lakini alisema mwenyewe, siku ya hitima, kwamba kumpenda hakukuwa kumwamini. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia, "Nasadiki." Mize naye hakuwahi kumwomba.

Ikaja miaka ambayo miguu ya Mize ilivimba, akashindwa kusimama. Aliwekwa katika chumba cha mbele, karibu na dirisha ambalo lilitazama migomba tu. Asubuhi moja, Kazija akimkanda miguu, Mize alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mdogo wangu, mie sitaki tena waniamini. Wamekwisha kufa wengi wao. Nataka kujua mwenyewe tu, kabla sijaondoka. Nilikiona, au nilijiongopea?"

Kazija alimaliza kumkanda, akamfunika miguu. Alichukua kijiti chake akaenda pwani, kwa kuwa ilikuwa bamvua na nyumbani hapakuwa na kitoweo.

Alichelewa. Wenzake walikuwa wanarudi na mafungu yao wakati yeye anaingia mwambani, na mashimo ya karibu yalikuwa yameshachokolewa. Basi akaendelea mbele, shimo hadi shimo, akafika dimbwi la mwisho.

Hakikuwa shimoni. Kilikuwa katikati ya maji, wazi, bahari kuu imekisahau hapo ilipokauka. Kwanza aliona pweza, mwili wa pweza, jicho la pweza, na mkono wake ukainua kijiti wenyewe kwa mazoea. Ndipo yule pweza akainyoosha mikono yake ya mbele na shela likakunjuka.

Lilitoka na kuendelea kutoka. Lilikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea kama zabibu, na mwanga ulipolipita likawa jekundu, kisha likawa kama fedha pembeni. Lilikuwa jembamba kiasi kwamba Kazija aliona chini yake mchanga na kivuli cha shela lenyewe juu ya mchanga. Ukingoni mwake palikuwa na madoa ya mviringo, moja baada ya jingine, mithili ya nakshi ya mtu mwenye subira. Halikuonekana kuogopa. Lilizunguka dimbwi zima, likarudi, likapita juu ya miguu yake, naye hakulihisi.

Kazija alikaa majini, maji yakamfika kiunoni, nguo zake zikaelea. Alisahau kijiti, kitoweo na jua. Kitu cha kwanza alichokihisi baada ya hapo haikuwa furaha. Aliona haya. Dada yake alikuwa amesema kweli tupu, bila kuongeza hata uzi mmoja, na yeye alikuwa amempikia uji maisha yote huku akimdhani mwongo.

Akainuka akakimbia.

Pembeni mwa njia, wanaume wanne walikuwa wakikandika nyumba ya mmoja wao: Makame, Foum, Haji Ali na Ngwali. Kazija aliwaambia alichokiona. Aliwaomba wambebe Mize kwa kitanda hadi ukingoni, sasa hivi, maji hayajarudi. Walitazamana.

"Bi harusi ana miguu minane," akasema Foum, "atashindwa kuja mwenyewe?"

Walicheka, lakini walipoona kwamba yeye hacheki, waliacha. Makame alimweleza kwa upole kwamba Mize ni mzito na mwamba unateleza. Haji Ali akasema wana udongo mikononi na udongo ukikauka unapotea. Lakini Ngwali, aliyekuwa mdogo kuliko wote, ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwao. Njia ya pwani ndiyo njia ya makaburini. Mgonjwa huchukuliwa kwa kitanda kwenda barabarani, akapelekwe hospitali. Mtu hai hapitishwi njia ile juu ya mabega ya watu. Ni kumwita Mauti. "Usitutie katika hilo, Dada Kazija," alisema. "Chukua karai hili, kamlete huyo mgeni wako huku."

Akamwaga udongo, akampa karai.

Kazija alilichukua. Alisema, siku ya hitima, kwamba angeweza kulikataa. Angeweza kurudi ndani, akae kando ya kitanda, aseme, "Nimekiona, dada, ni kweli," na pengine Mize angemsadiki, kwa sababu hakuwa amemdanganya hata siku moja. Lakini alidhani maneno hayatoshi. Alitaka kumpa kitu chenyewe.

Aliporudi, bahari ilikuwa imeanza kuingia dimbwini kwa vidole vyembamba. Alisuuza karai haraka, hakulisuuza vizuri. Alimchota yule pweza kwa mikono miwili, mikono iliyozoea kazi hiyo, na pale pale alipomgusa, shela lilianza kukatika. Mnyama yule alilitupa kipande kwa kipande, kama mtu anayekimbia moto na kuacha nguo njiani. Vipande vilielea dimbwini, na maji yanayojaa yakavichukua. Njiani yule pweza alimwaga wino. Maji ya karai yakawa meusi, udongo ukachanganyika na wino, na Kazija akawa anatembea upesi bila kutazama chini, kwa kuwa aliogopa kutazama.

Alipoliweka karai mbele ya kitanda, akayamwaga yale maji na kutia mengine safi, alikuwemo pweza mmoja wa kijivu, amekufa, na kwenye mikono yake palining'inia utando mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemshwa.

Mize alijiinua kwa kiwiko. Alitazama muda mrefu, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma. Kazija alisema, "Ndiye, dada. Wallahi ndiye. Alikuwa na shela, nimeliona kwa macho yangu."

Mize akajilaza tena. Akamshika mkono.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema. "Lakini usiniongezee uongo. Ule wangu mmoja umenitosha."

Hakulizungumza tena jambo hilo. Jirani aliyechungulia dirishani alisema pweza mzuri, apigwe mapema alainike, kabla hajakakamaa. Kazija akampa. Waliomla walisema ana ladha ya pweza.

Mize alifariki kabla ya bamvua la pili. Wanaume walikuja bila kuitwa, mikono imeoshwa. Kubeba jeneza kuna thawabu, na kila mmoja aliitaka. Walipokezana, wakapishana kwa heshima, na waliokosa nafasi walinyoosha mkono waguse mbao tu. Waliishika njia ya pwani. Maji yalikuwa yamekauka. Walipofika usawa wa mwamba, mtu aliyeinuliwa begani angeweza kuliona dimbwi la mwisho likimetameta kule ukingoni. Lakini uso wake ulikuwa umefunikwa.

Baada ya hitima, Kazija naye aliitwa Kazija Shela. Aliitika.

Wewe unayesikia, mgonjwa wako alipokuomba bega, ulimpa nini?

Katika waliotajwa humu, Kazija alikufa miaka mingi baadaye, katika chumba kile kile cha mbele. Makame, Foum na Haji Ali wamekufa. Aliye hai ni Ngwali peke yake, na macho yake hayaoni tena. Ukimuuliza habari za siku zile, hasemi lolote juu ya pweza. Husema tu kwamba jeneza lilikuwa jepesi, wangetosha wawili.