Sababu ya Uhamisho wa Yasinta

Ukisifu miguu, uliza na kichwa.

Bibi Filomena aliwatupia wajukuu zake maneno hayo walipokuwa uani wakipukuchua mahindi, wakimsifu kijana wa jirani kwa ufundi wake wa mpira hadi kazi ikasimama. Walicheka, kisha wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi si mtu wa kuharakishwa. Alimaliza hindi lake, akatupa gunzi, akawaambia kwamba methali hii ilianza hivi, tena hapa hapa kijijini, siku ambazo shule ya kata ilikuwa bado na mabati mapya.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Tluway, mtu mpole aliyependa michezo kuliko chakula. Shule yake ilidharauliwa. Wenye uwezo walipeleka watoto wao mbali, na waliobaki walisema tu, "Ndiyo tuliyonayo." Kisha akaingia kidato cha kwanza binti aitwaye Yasinta Hhando, na mwaka huo huo akawaacha nyuma wasichana wa mkoa mzima katika mita elfu tatu, pekupeku. Mwaka uliofuata alirudia, safari hii na viatu. Shule ikatajwa redioni. Mwalimu Tluway alifurahi hadi akawa anatembea akiimba.

Tangu hapo kila barua iliyotoka shuleni kwenda ofisi ya elimu iliomba mambo ya michezo: mipira, jezi, saa ya kupimia mbio. Makombe nayo yakazidi, yakakosa pa kukaa. Shule ilikuwa na chumba cha maabara kisicho na mwalimu wa kukitumia, basi wakayahamishia humo pamoja na jezi na nyavu za magoli, wakatia kufuli. Mzazi akija kutembea alionyeshwa chumba hicho kwanza, na hakuna aliyeona kosa.

Januari moja Mzee Hhando, baba yake Yasinta, alifika na fomu ya uhamisho. Shule moja ya binafsi ya mjini ilikubali kumpokea binti yake bila ada. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa "Sababu ya uhamisho". Mwalimu Tluway, roho ikimuuma, aliandika mwenyewe, "Michezo." Ilipofika zamu ya saini akaweka kalamu chini. Akamwomba mzee asubiri mkutano wa wazazi wa Jumamosi.

Watu walijaa kuliko siku zote.

"Kama shule hii ni nzuri, mbona aliye bora anaikimbia?" aliuliza mzazi mmoja. "Basi na wetu tuwahamishe!"

Mwingine alisema shule haina ubaya wowote, wabaya ni hao wa mjini wanaovuna wasipopanda. Mpishi wa shule, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimama na mwiko wake mkononi. "Uji nimempikia mimi! Miguu ile ni uji wangu! Mwalimu, usitie saini."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Tluway alijua kwamba akisaini, shule itarudi kuwa si kitu, na huenda nusu ya wanafunzi wakaondoka nyuma ya Yasinta. Asiposaini, atakuwa amemfunga mtoto wa watu. Alimtazama binti, aliyekaa nyuma kando ya baba yake na daftari mapajani, akakumbuka kwamba hajawahi kumuuliza neno lolote lisilohusu mbio.

"Yasinta mwanangu, wewe unasemaje?"

Binti alisimama. "Shikamoo, mwalimu. Shikamooni, wazazi."

"Marahaba," wakaitikia.

"Naomba niione fomu, mwalimu." Aliisoma polepole. "Hapa umeandika michezo. Mimi sihami kwa sababu ya mbio. Kukimbia nakimbia hata hapa, vilima vipo."

"Sasa unafuata nini huko?"

"Fizikia, mwalimu. Mwaka huu ndio tunachagua masomo, nami nataka fizikia. Tangu niingie hapa hatujapata mwalimu wake." Akainua daftari. "Lina kurasa nne tu, na hizo nimenakili kwa rafiki wa shule nyingine. Maabara nimeingia mara mbili. Mara zote nilikuwa napeleka kombe."

Mpishi aliketi, mwiko ukalala mapajani.

"Kwa nini hukusema, binti?" aliuliza mzee mmoja.

"Hamkuniuliza, babu. Mliniuliza nimekimbia dakika ngapi."

Mwalimu Tluway aliona aibu, na hakuificha. "Kosa ni langu," alisema. Alikata neno "Michezo", akaandika "Fizikia", akatia saini mbele ya wote. Siku hiyo hiyo wazazi walitoa makombe maabara wakayarundika ofisini kwake, mpaka akawa anaingia kwa ubavu. Jioni aliandika barua ya kwanza isiyoomba mpira, akaambatanisha nakala ya fomu ile.

Mwalimu wa fizikia alifika Aprili, dada kijana mwenye boksi la betri na balbu. Waliotishia kuhamisha watoto wakanyamaza, na mwaka uliofuata wasichana saba walichagua somo hilo. Yasinta hakurudi, wala hakuna aliyemlaumu. Alisindikizwa hadi stendi kwa nyimbo, na mpishi akamfungia unga wa uji. Alipokuja kushindana na shule yake ya zamani aliwaacha mbali, na wao ndio waliomshangilia kuliko wote. Kombe lile lilikwenda mjini. Hata lingebaki, pa kuliweka pasingepatikana.

"Na yule mpishi, bibi?" wajukuu waliuliza.

"Mpishi yupo," alisema Bibi Filomena, akichukua hindi lingine. "Mnakula ugali wake kila siku hapa hapa nyumbani, na kila siku anawauliza mmesoma nini. Mnadhani ni umbeya?"

Wakati huo kijana wa jirani alipita njiani, mpira kwapani. Wajukuu walitazamana, kisha mmoja akamwita. "Wewe! Shuleni unapenda somo gani?"

Kijana alisimama, akageuka kuona kama kuna mtu mwingine nyuma yake. "Mimi? Jiografia," alisema, na uso wake ukafunguka. "Ramani hasa. Nyumbani ninazo nilizochora mwenyewe, mnataka kuziona?" Akaweka mpira chini, akaja kuketi nao penye mahindi.

Ukisifu miguu, uliza na kichwa.