Kindi Asiye na Mdomo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kubeba mifagio kwenda shule, Kindi alikuwa darasa la pili. Sogeeni, wadogo zangu, maana wiki ninayowasimulia ilimtesa sana.

Kiranja wa darasa alikuwa Ngiri, mnene, meno yametokeza nje. Mwalimu Kobe akitoka, Ngiri aliandika majina ya wapiga kelele. Ukiandikwa siku nne katika wiki moja, unarudishwa nyumbani kukaa wiki nzima.

"Si wiki moja tu!" Ngiri alicheka.

Lakini Kindi alijua. Dada yake naye alirudishwa kwa wiki moja tu. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na sasa dada alikuwa akilea watoto wa jirani. Mama alishasema, "Na wewe ukirudishwa, Kindi, utabaki hapa hapa. Kazi zimenizidi."

Jumatatu walihesabu kwa vijiti. Wakati wa mapumziko Ngiri akaja, di! di! di!

"We mkia, umebeba nini?"

"Karanga zangu za mchana, kaka kiranja."

"Lete."

"Nikugawie nusu?"

"Nusu? Kwa tumbo hili? Haya, utaona!"

Siku hiyo Kindi akaandikwa, ingawa hakufungua mdomo.

Jumanne walisoma ba, be, bi. Aliyepayuka ni Kanga, aliyekaa na Kindi dawati moja. Lakini Kanga alikuwa akimpa Ngiri mahindi yake yote. Akaandikwa Kindi.

"Mimi sijasema kitu!"

"Ona! Sasa umesema!"

Jumatano ilikuwa siku ya kufinyanga. Wenzake walifinyanga vyungu. Chungu cha Kindi kikaporomoka, pu! Akainua macho. Ngiri alikuwa amelala mezani, anakoroma khoroo, khoroo. Chini ya pua yake ilikuwapo orodha, na jina la Kindi limeshaandikwa.

Kumbe anaandika kabla ya kelele! Hatazami mtu!

Kindi akauchukua udongo upya. Akatengeneza tumbo, masikio, mkia.

"Unafinyanga nini?" Kanga aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Kanga, dada yangu, kesho unaweza kunyamaza asubuhi nzima?"

"Asubuhi nzima? Nitapasuka!"

"Basi pasuka kimya kimya."

Alhamisi ilikuwa siku ya Mwalimu kusahihisha madaftari ofisini mpaka mapumziko. Kabla ya kengele, Kindi alilivalisha lile sanamu sweta yake, akaliketisha mahali pake dirishani, akakimbia ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Naomba nichonge penseli hapa kwako mpaka mapumziko. Nikikwambia sababu hutaniamini, Mwalimu. Nikikaa hapa utaona mwenyewe."

Mwalimu Kobe akamtazama, akamtazama. Akikataa, je?

"Kaa," alisema Mwalimu.

Kindi akachonga. Penseli tatu zilivunjika mkononi mwake. Je, kama Kanga atasema? Je, kama leo Ngiri ataamua kutazama?

Ngo! ngo! ngo! Kengele. Mwalimu akaingia darasani polepole na kikapu cha madaftari mgongoni.

"Kiranja, nani kapiga kelele leo?"

"Kindi, Mwalimu! Leo amezidi! Amepiga dawati, pa! pa! Nimemkanya, akanitolea ulimi!"

"Umemwona?"

"Kwa macho yangu haya mawili!"

"Mlete mbele."

Ngiri akaenda, di! di! di!, akashika sikio. "Simama, we mkia!" Akavuta. Kwanyu! Sikio likabaki kwatoni.

"Yuuuwi!" darasa zima likapiga kelele.

"Mwalimu, limetoka lenyewe! Sijamvuta sana! Kindi, pole! Pole, ndugu yangu, nitakurudishia!"

Hapo Kanga akapasuka kweli. "Kwe-kwe-kwe! Anauomba udongo radhi!"

Madaftari yakatikisika, na Kindi akachomoza kikapuni.

"Nipo, Mwalimu."

Mwalimu Kobe aliligeuza lile sanamu. "Ngiri, hebu nionyeshe huo ulimi aliokutolea."

Ngiri akatazama. Akatazama tena. Kindi, kwa haraka yake, hakuwa ameliwekea mdomo.

Mwalimu alizichana orodha zote nne, akamvua Ngiri ukiranja. Ijumaa, Kindi alisimama akasoma sentensi yake ya kwanza kwa sauti, karanga zake zote zikiwa mfukoni, na dirishani sanamu la sikio moja likimsikiliza.

Basi wadogo zangu, shikeni hili: ukimsingizia mwenzako jambo ambalo hukuliona, jiandae kuulizwa lilivyokuwa.