Pete ya Kale ya Bakhit

Mshauri, hata awe fasaha namna gani, hamfai mtu aliyekwisha kuamua kuangamia. Masouda aliujua ukweli huo kwa mumewe, Bakhit.

Mwaka 1967, miaka mitatu baada ya kuikimbia Unguja, Bakhit alikuwa akichimba msingi wa chumba cha pili nyuma ya nyumba yao, Maskati. Sururu ikaibua pete ya dhahabu yenye mwanya, ncha zake mbili zisizogusana, nene kama kidole gumba, kazi ya watu wa kale waliovaa mali yao mwilini kabla sarafu hazijajulikana. Habari zilienea kama moto wa makuti. Mahfoudh, tajiri apendaye vitu vya kale, akaja mbio.

"Nipe kama ilivyo, nami ntakupa bangili mbili nzito za dhahabu."

Masouda alimhimidi Mungu. Binti yao, Kheiria, alikuwa aolewe baada ya wiki mbili, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Bakhit alingoja mgeni atoke, akacheka. "Akitoa mbili, basi humu mna nne! Nnaipeleka kwa sonara aiyeyushe."

"Baba Kheiria, hebu ishike! Mie nimetoka Unguja na dhahabu iliyonunua nyumba hii nimeishonea kangani, siku kumi kiunoni. Uzito wake nnaujua. Hii nyepesi mno kwa unene wake. Na ncha hii ina kutu ya kijani. Dhahabu hufanya kutu?"

"Leo umeshakuwa sonara?"

"Sonara wapi! Mke wa mkaidi tu."

Alimsihi Jumamosi, akamsihi Jumapili, akamtuma hata shemeji yake Thani. Ilikuwa kama kulimwagia jiwe maji. Jumatatu Bakhit alishika njia ya soko la Matrah, Masouda nyuma yake na buibui lake, akimnung'unikia hadi mlangoni pa sonara.

Moto ukavuma. Ngozi nyembamba ya dhahabu iliyeyuka, ikapotelea katika shaba iliyokuwa ndani, likabaki donge jekundu.

"Shekhe," sonara alisema, "dhahabu ya humu haitoshi hata kipini cha pua."

Bakhit alikimbilia kwa Mahfoudh, donge mkononi.

"Mimi nilitaka kazi ya watu wa kale," Mahfoudh alimjibu. "Shaba imejaa sokoni."

Kheiria aliolewa kwa bangili za kuazima za jirani, Rahila, naye akazidai fungate haijakwisha. Siku hiyo Bakhit alifungua kinywa ajitetee. Masouda akamkata kwa jicho, akaenda kumvua bintiye bangili. Hakika, sikio la kufa halisikii dawa.