Makubadhi ya Mheshimiwa Dattaji

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana wenye makosa bado wanakula na kushiba, kule Bara Hindi kulikuwa na kijiji kikavu kiitwacho Kandarwadi. Mwalimu wa pale, Dattaji, akagombea ubunge wa jimbo. "Nipeni kura, niwape mfereji!" Mkulima Sopan alimpenda mno, akaweka nadhiri hadharani kwamba hatavaa viatu mpaka Dattaji awe waziri.

Dattaji akashinda, uwaziri asipate. Sopan akatembea peku. Dattaji akahama chama. Sopan akatembea peku. Akahama tena, akaangushwa, akarudi, akashinda. Miaka kumi na sita Sopan yuko peku, na kila aliyeulizia mfereji, Sopan alimfokea: "Hamuoni miguu yangu?" Watu wakiiona, wananyamaza, wanapiga kura.

Miiba ilichomolewa na mkewe, Sakhubai. Mwishowe kisigino kikaoza. Daktari akasema, "Asipovaa viatu, mguu tutaukata."

Sakhubai alikuwa mpishi kwa Dattaji. Siku moja anapeleka chai, akakuta ramani ya mfereji mezani, akamsikia bosi wake akisema, "Kandarwadi tuiache. Mfereji uende kwa yule mbunge atakayeniunga mkono nipate uwaziri." Damu ikamchemka. Angepiga kelele, kijiji kingefunga barabara na uwaziri ungeyeyuka. Akakiwaza kile kisigino. Akamimina chai, akanyamaza.

Wiki iliyofuata Dattaji akawa Waziri wa Umwagiliaji. Akaja kijijini na makubadhi mapya, akamvisha Sopan kwa mikono yake mwenyewe, kamera zinamulika, watu wanalia kwa furaha. Wajinga sisi binadamu! Baada ya mwezi matingatinga yakapita mbali na kijiji, yakaenda zao.

Mfereji ulipokwisha na Waziri akathubutu kurudi, wanakijiji wakalizingira gari lake. Hapo Sakhubai akasema yote, hata kosa lake hakulificha.

"Bila kiti cha uwaziri nisingechimba hata shimo," akasema Waziri. "Leo vijiji arobaini vinakunywa. Niwanyime wote kwa ajili yenu?"

"Mimi nilidanganywa kama ninyi," akasema Sopan. "Nimetoa nyama ya miguu yangu. Nimepata nini?"

Sakhubai akawageukia wote wawili. "Wewe mume wangu, ulituziba midomo kwa vidonda vyako! Na wewe Datta, umetuuza mimi nimekushikia birika! Ndiyo, nilinyamaza. Nilitaka mume wangu abaki na mguu. Nani hapa angesema?"

Mashamba yamekufa na hasira haikupoa, kwa hiyo kijiji kikakata shauri: mmoja wa hawa watatu atavua viatu leo, na hatavivaa tena mpaka maji yafike Kandarwadi. Mmoja tu, na gari haliondoki mpaka apatikane.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza mmekunja miguu yenu yenye viatu, semeni: nani avue?